Kuwakumbuka ndugu waliotumika wakati wa vita: jina lisipotee, kisasi kisizaliwe



Karibu kila familia ya mashariki mwa Kongo ina mtu aliyetumika wakati wa vita. Mmoja alikuwa askari wa serikali. Mwingine aliingia katika kikundi cha kujilinda cha kijiji. Mwingine alikamatwa njiani akabebeshwa risasi na magunia. Mwingine alikuwa muuguzi, akabaki kwenye kituo cha afya wakati wengine wote wamekimbia. Kuna waliorudi, na kuna ambao hawakurudi. Familia inapojiuliza, "Tumkumbuke namna gani?", jibu ni gumu. Hakuna kaburi, hakuna picha, na jirani wa hema la pili alimpoteza mtu wake upande mwingine wa vita hivyohivyo.

Katika makala hii tunaeleza jambo moja: kumkumbuka mtu si kuvitukuza vita alivyopigana. Tunaweza kulinda jina la ndugu yetu, na kusema ukweli juu yake, bila kumtafuta wa kulipa damu yake. Tutaangalia kwanza yaliyowapata mababu zetu, kwa sababu yanatufundisha. Kisha tutaeleza mambo ambayo familia na viongozi wanaweza kufanya leo.

Waliotumika si wenye bunduki tu

Vita vya kwanza vya dunia vilianza Ulaya mwaka 1914, na vilifika kwetu upesi. Tarehe 22 mwezi wa nane 1914, meli ya Wajerumani ilishambulia Lukuga, karibu na mji unaoitwa leo Kalemie. Mwezi uliofuata Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Wabelgiji walituma jeshi lao la koloni, lililoitwa Force Publique. Askari wake walikuwa Wakongomani na wakubwa wake Wazungu. Mwezi wa nne 1916 jeshi hilo, likiongozwa na jenerali Charles Tombeur, lilivuka mpaka na kuingia Rwanda na Burundi. Likaendelea mpaka Tabora, katika Tanzania ya leo, likauteka mji huo tarehe 19 mwezi wa tisa 1916.

Askari hao walikuwa maelfu. Lakini nyuma yao walikuwepo wapagazi zaidi ya 200,000. Barabara za magari hazikuwepo, na mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba mizigo. Kwa hiyo kila gunia la chakula, kila sanduku la risasi, hata vipande vya mizinga, vilibebwa kichwani na mabegani mwa watu. Wengi wao hawakuomba kwenda. Chifu aliagizwa kutoa watu, naye akawatoa. Waliokufa kwa kuhara damu, homa ya mapafu, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Nyumbani, wanawake walilima na kutwanga chakula kilichochukuliwa na jeshi, na waume zao hawapo.

Mambo hayo yalirudi katika vita vya pili vya dunia. Mwaka 1941 askari wa Kongo walipigana na Waitaliano huko Ethiopia: Asosa, Gambela, kisha Saio, ambako Waitaliano walisalimu amri tarehe 3 mwezi wa saba 1941. Baadaye kundi la waganga na wauguzi kutoka Kongo lilipelekwa mpaka Burma, huko Asia, kuwatibu majeruhi. Na vijijini, kuanzia 1942, watu waliweza kulazimishwa kazi mpaka siku 120 kwa mwaka: kutafuta mpira msituni, kulima, kutengeneza barabara.

Kwa hiyo tunaposema "waliotumika", tunawahesabu wote hao: askari, mpagazi, mpishi, muuguzi, dereva, mama aliyelisha watu. Hata katika vita vya siku zetu ni vivyo hivyo. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu hakushika bunduki. Aliwatetea wenyeji na wakimbizi, akabaki na watu wake mjini, akauawa tarehe 29 mwezi wa kumi 1996. Na yeye alitumika wakati wa vita. Kuna wengi wasiojulikana waliofanya hivyo, na wengine wamo katika familia zenu.

Kwa nini majina ya wengi yalipotea

Askari aliandikwa katika daftari la jeshi. Mpagazi mara nyingi hakuandikwa, au aliandikwa kwa jina moja tu, bila jina la baba wala la kijiji. Alipokufa njiani, wenzake walimfukia wakaendelea na safari. Hakuna barua iliyokwenda nyumbani.

Si Kongo tu. Upande wa Waingereza, wapagazi wa Afrika Mashariki walipatwa na mambo hayohayo. Mtaa wa Kariakoo huko Dar es Salaam, na ule wa Kariokor huko Nairobi, ilipata majina yake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Kiingereza, Carrier Corps. Watu wanapita hapo kila siku kununua na kuuza, na wachache wanajua kwamba wanatamka jina la wapagazi wa vita. Nairobi kuna sanamu za mwaka 1928, na moja yao ni ya mpagazi. Ina umbo la mtu, lakini majina ya wapagazi hayapo.

Mwaka 2021 shirika la Uingereza linalotunza makaburi ya vita lilitoa ripoti juu ya jambo hili. Lilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda mpaka 350,000, waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kazi ya kurekebisha imeanza, lakini ni ngumu. Mwezi wa kwanza 2025, ukumbusho ulifunguliwa Cape Town, Afrika Kusini, wenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika waliofanya kazi za vita bila bunduki. Walisubiri zaidi ya miaka 100.

Kwetu pia heshima ilichelewa. Mwezi wa sita 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alipotembelea Kinshasa, alimvisha nishani mzee Albert Kunyuku, aliyetumika Burma. Mzee huyo alikuwa na umri wa miaka kama 100. Wenzake wengi walikuwa wamekwisha kufa bila kusikia neno la asante.

Somo lake ni hili: tusingojee serikali wala shirika lolote litukumbukie watu wetu. Mwenye kulijua jina la mtu, jina la mama yake, na kijiji chake, ni familia. Familia isipoliandika leo, baada ya miaka mia moja hakuna atakayeweza kulitafuta.

Tuseme ukweli, hata ule unaouma

Jeshi lililokwenda Tabora ndilo jeshi lililochoma vijiji na kuwatesa watu wakati wa mpira, katika utawala wa mfalme Leopold II. Kuna askari walioumizwa na wakubwa wao, na haohao wakawaumiza watu. Babu anaweza kuwa shujaa katika hadithi ya familia moja, na kuwa hofu katika hadithi ya familia nyingine.

Katika vita vya 1996-1997, na vile vya 1998-2003, mambo yalikuwa magumu zaidi. Watoto wengi, tuliowaita kadogo, walitiwa jeshini kabla hawajamaliza shule. Wengine walikwenda kwa hasira, kwa sababu wazazi wao waliuawa. Wengine walikamatwa. Walitendewa mabaya, na wengine walitenda mabaya.

Mama wa kijana kama huyo ana haki ya kumlilia. Machozi yake hayaondoi haki ya yule aliyeumizwa na kijana huyo. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Kazi ya amani si kuchagua moja na kulitupa jingine. Familia ikisema, "Alikuwa mtoto wetu, tulimpenda, na tunajua kwamba kikundi chake kiliwaumiza watu", jirani anaweza kukaa na kusikiliza. Ikisema, "Hakufanya kosa, ninyi ndio wabaya", jirani atasimama na kuondoka.

Kumbukumbu inayozaa vita

Tumeona mara nyingi, katika sehemu mbalimbali za dunia, jinsi kilio cha wafu kinavyotumiwa kuwaita vijana vitani. Viongozi, angalieni dalili hizi katika matanga na mikutano:

- Msemaji anataja kabila zima kuwa ndilo lililoua, badala ya kusema aliyetenda ni nani.
- Vijana wanaombwa kuapa mbele ya kaburi au mbele ya picha.
- Nyimbo za kudhihaki watu wengine zinaimbwa, hata kama ni "kwa mchezo".
- Idadi ya wafu inaongezwa kila mara inapotajwa.
- Mwanasiasa au mkubwa wa kikundi chenye silaha analipia sherehe, kisha anapewa nafasi ya kusema.

Mkiona hivyo, mzee mwenye heshima aingilie kwa upole, arudishe maneno kwa marehemu mwenyewe. Alikuwa mtu wa namna gani? Alijua kazi gani? Alipenda chakula gani? Alitaka watoto wake wawe nani? Mtu akisimuliwa hivi anabaki kuwa mtu. Akigeuzwa kuwa bendera, tumempoteza mara ya pili.

Asiye na kaburi

Kwa familia zilizohama, huzuni ina uzito wa namna yake. Wengi hawakuwazika watu wao. Wengine waliwazika, kisha wakalazimika kuyaacha makaburi. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika Goma kisha Bukavu, kambi kubwa za kandokando ya Goma ziliondolewa kwa muda mfupi. Waliozika watu wao karibu na kambi hizo waliondoka bila kujua kama watarudi kuyaona makaburi.

Kwanza tutofautishe aliyekufa na aliyepotea. Kama hakuna shahidi wa kifo, msimlazimishe mama au mke kuondoa matanga. Anayesema "bado namngojea" si mwendawazimu. Nafsi haiwezi kumaliza kilio ambacho haijui kama kimeanza. Wala mjane asirithishwe wala kunyang'anywa shamba kwa sababu mume "hakika amekwisha kufa".

Jamaa wa mtu aliyepotea wanaweza kumtafuta kwa msaada wa Komite ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (CICR) na Msalaba Mwekundu wa Kongo. Kazi hiyo hailipiwi. Watauliza majina kamili, majina ya baba na mama, mahali na mwaka wa kuzaliwa, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Atakayeomba pesa kwa kazi hiyo ni mdanganyifu. Tena, sheria ya familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaruhusu jamaa kwenda mahakamani kama mtu amepotea na hakuna habari zake. Karatasi ya mahakama inaweza kumsaidia mjane na watoto katika mambo ya mali na urithi. Kabla ya kwenda, ombeni shauri kwa mtu anayejua sheria.

Pili, kwa aliyekufa bila kaburi, familia inaweza kuchagua alama. Wengine huweka jiwe, wengine huhifadhi nguo, wengine hupanda mti. Lakini hapa tunatoa onyo. Katika nchi yetu mti na kaburi ni ushahidi wa mwenye shamba. Mhami akipanda mti wa ukumbusho kwenye udongo wa mwenyeji aliyempokea, kesho watu watasema anadai udongo ule. Basi muulizeni kwanza mwenye shamba na chifu, mbele ya mashahidi. Au chagueni alama inayobebeka: kitenge chake, kikombe chake, kitabu cha nyimbo alichokipenda. Mtakaporudi nyumbani, mtarudi nacho.

Daftari la ukoo

Alama bora kuliko zote ni maandishi. Daftari la shule na kalamu vinatosha. Fanyeni hivi:

1. Chagueni mtu mmoja anayeandika vizuri, na mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, anayejua ukoo.

2. Kwa kila mtu, andikeni jina lote, jina la baba na la mama, kijiji, mwaka wa kuzaliwa hata kama ni kwa makisio, mke au mume, na watoto.

3. Andikeni kazi aliyoifanya wakati wa vita kwa maneno ya wazi: "alibeba mizigo", "alitibu wagonjwa", "alipika", "alikuwa askari".

4. Andikeni nani aliyesimulia, na siku gani. Mkisikia habari mbili zinazopingana, andikeni zote mbili.

5. Ongezeni hadithi moja fupi inayoonyesha tabia yake. Hiyo ndiyo watoto wataishika.

6. Waulizeni wazee wa zamani sana sasa hivi. Pengine katika ukoo wenu kuna aliyekwenda Tabora au Saio, na jina lake liko katika kichwa cha mzee mmoja tu.

Hata hivyo, muwe na akili. Orodha ya majina inaweza kuua. Mahali ambapo utawala unabadilika na watu wanachunguzwa njiani, msiandike jina la kikundi au la brigedi karibu na jina la mtu, hasa kama yeye au watoto wake wako hai. Msisafiri na daftari hilo mbele ya vizuizi vya askari. Msipige picha zake na kuzituma kwa simu ovyo. Mambo ya hatari yanaweza kubaki kichwani mwa watu wawili wa kuaminika mpaka siku ya usalama. Na aliyerudi kutoka vitani aulizwe kwanza kama anataka kuandikwa. Ni haki yake kukataa.

Siku ya kukumbuka pamoja

Nchi yetu ina siku mbili zinazofuatana. Tarehe 1 mwezi wa nane ni siku ya wazazi. Asubuhi watu huenda kusafisha makaburi, kisha hukaa na wazazi walio hai. Na kwa sheria ya mwezi wa kumi na mbili 2022, tarehe 2 mwezi wa nane imekuwa siku ya taifa ya kuwakumbuka waliouawa katika vita vya Kongo, inayojulikana kwa jina la Genocost. Ni tarehe ambayo vita vya 1998 vilianza. Familia zinaweza kutumia siku hizo, au siku nyingine mliyokubaliana.

Kwa viongozi wanaotaka kuandaa mkutano wa pamoja, tunashauri hivi:

- Pateni ruhusa kwa wenye mamlaka wa mahali, na waelezeni kwamba si mkutano wa siasa.
- Waiteni wahami na wenyeji pamoja, na makabila yote ya hapo. Kama kabila moja halikuitwa, ni afadhali kuahirisha.
- Pasiwe na nguo za kijeshi, bendera za vikundi, wala silaha.
- Majina yasomwe kwa utaratibu wa herufi, bila cheo, bila upande. Jenerali na mpagazi wasomwe sawasawa.
- Kila familia iseme maneno machache juu ya mtu wake, si juu ya adui.
- Baada ya majina, nyamazeni kidogo kwa ajili ya wale ambao hakuna anayejua majina yao.
- Wapeni nafasi wanawake wazungumze wenyewe, wasisemewe na waume au mashemeji.
- Msiwalazimishe waliokuwa kadogo kusimama na kusimulia. Atakayetaka, atasema.
- Malizeni kwa chakula, hata kama ni uji tu. Waliokula pamoja hawaondoki kama walivyokuja.

Mkiogopa kwamba mkutano utaleta ugomvi, anzeni na familia mbili au tatu tu, ndani ya nyumba moja. Ni mwanzo wa kutosha.

Maswali ya kujadiliana

Someni makala hii kwa sauti katika kikundi chenu, kisha ulizaneni:

- Ni nani katika familia yetu aliyetumika wakati wa vita bila kushika bunduki? Tumewahi kumshukuru?
- Kuna jina ambalo tunaogopa kulitaja? Tunamwogopa nani?
- Watoto wetu wamesikia nini juu ya vita: sifa, hasira, au ukweli?
- Jirani yetu wa upande mwingine alimpoteza nani? Tunajua jina lake?

Swali hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalofungua njia. Siku ambayo mama mmoja ataweza kulitaja jina la mtoto wa mama mwenzake wa upande wa pili, na kusema "pole", watakuwa wamefanya jambo ambalo karatasi nyingi za mapatano hazikuweza kulifanya. Andikeni majina. Yasomeni polepole. Na wafundisheni watoto kuyasoma.